Historia ya Japani katika Maandishi Yake

Japani ni nchi ya visiwa vilivyojipanga mfano wa upinde mbele ya pwani ya mashariki ya Asia. Visiwa vikubwa ni vinne, navyo ni Hokkaido, Honshu, Shikoku na Kyushu; na mbali ya hivyo viko visiwa vidogo maelfu, ambavyo vya kusini kabisa, vya Ryukyu, vyakaribia Taiwan. Bahari iliyo kati ya Kyushu na rasi ya Korea yaweza kuvukwa kwa chombo cha matanga, lakini si nyembamba hata jeshi livuke bila ya hatari. Hali hiyo ya kuwa karibu na bara, wala si sehemu ya bara, ndiyo iliyoongoza mambo ya Wajapani tangu kale. Mengi ya ustaarabu waliyapokea kutoka ng'ambo, lakini aghalabu waliyapokea kwa hiari yao, wakapata nafasi ya kuyageuza yakawa yao.

Hapana jambo lionyeshalo habari hiyo waziwazi kuliko maandishi yao. Taifa hilo liliazima alama za lugha isiyofanana na lugha yake hata kidogo, na kazi ya kuzilinganisha alama hizo na maneno ya wenyeji imeendelea kwa muda wa miaka 1,500. Kila utawala uliopita uliacha athari yake katika namna ya kuandika. Kwa hiyo mwenye kufuata historia ya maandishi ya Kijapani huwa ameifuata kwa sehemu kubwa historia ya dola yenyewe.

Kabla ya Maandishi

Wakazi wa kale wa visiwa hivyo waliishi kwa kuwinda, kuvua na kuokota matunda ya mwituni. Walijua ufinyanzi zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na vyungu vyao ni katika vyungu vya zamani kabisa vilivyopata kuonekana duniani. Vilitiwa nakshi kwa kugandamiza kamba juu ya udongo mbichi, na nakshi hiyo ndiyo iliyozipa zama zao jina la Jomon. Katika miaka 1,000 ya mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo waliingia watu wengine kutoka bara kwa njia ya Korea, wakaleta kilimo cha mpunga katika majaruba, pamoja na ufundi wa shaba nyeusi na chuma. Mpunga ulileta akiba, na akiba ikaleta mabwana na watwana, na vita vya kugombea ardhi na maji.

Maandishi ya kwanza kufika Japani hayakuletwa ili yasomwe. Mwaka 57 mfalme wa Uchina wa ukoo wa Han alimpelekea mtawala mmoja wa Kyushu muhuri wa dhahabu wenye alama tano. Muhuri huo ulionekana mwaka 1784 katika kisiwa cha Shikanoshima, na umehifadhiwa hata leo. Aliyeupokea alijua kuwa ni heshima. Lakini yamkini hapakuwa na mtu katika nchi yake aliyeweza kuusoma. Hata Himiko, malkia aliyepeleka wajumbe Uchina mwaka 239, habari zake zajulikana kwa vitabu vya Wachina tu.

Hali ilibadilika polepole. Upanga wa chuma uliofukuliwa mwaka 1968 katika kaburi la Inariyama, kaskazini ya Tokyo, ulionekana miaka kumi baadaye kuwa una alama 115 zilizotiwa kwa dhahabu, na tarehe yake huhesabiwa kuwa ni mwaka 471. Sentensi zake ni za Kichina, lakini majina ya watu ni ya Kijapani. Na kwa kuwa majina hayo hayakuwa na alama katika Kichina, mwandishi aliyaandika kwa sauti, silabi kwa silabi, akiacha kabisa maana za alama alizozitumia. Hapo pana chanzo cha yote yaliyofuata.

Mashaka ya Kuazima

Katika karne ya 6 dini ya Buddha iliingia kutoka ufalme wa Paekche wa Korea, na pamoja nayo vikaja vitabu, watawa, mafundi na waandishi. Watawala wa Yamato walijifunza pia mpango wa serikali ya Kichina, na baada ya mapinduzi ya mwaka 645 wakaanza kuitengeneza dola yenye sheria zilizoandikwa, sensa na kodi. Mwaka 710 ulianzishwa mji mkuu wa Nara kwa kuigiza mji mkuu wa Wachina. Dola ya namna hiyo haikuweza kwenda bila ya makarani, na makarani hawakuwa na maandishi mengine ila ya Kichina.

Ni vigumu kufikiri lugha mbili zilizoachana zaidi ya hizo. Maneno ya Kichina hayabadiliki umbo, na kila neno lapata alama yake. Kitenzi cha Kijapani hukaa mwisho wa sentensi, nacho huongezewa viambishi nyuma yake, kimoja baada ya kimoja, vya wakati, vya kukanusha, vya kutendesha na vya heshima. Tena silabi za Kijapani, kama zile za Kiswahili, karibu zote huishia kwa irabu. Viambishi hivyo havikuwa na alama yoyote katika Kichina.

Mtu wa kwanza kuyaeleza mashaka hayo ni O no Yasumaro, aliyemaliza mwaka 712 kitabu cha Kojiki, yaani habari za mambo ya kale. Katika dibaji yake alisema kuwa mwandishi akitumia alama kwa maana zake tu, maneno hayaufikii moyo. Na akizitumia kwa sauti tu, maandishi huwa marefu mno. Basi akachanganya njia zote mbili. Mfano wake ni neno yama, maana yake mlima: laweza kuandikwa kwa alama moja ya Kichina yenye maana ya mlima, au kwa alama mbili zisomwazo ya na ma, bila ya kuangalia maana zake. Alama hiyo ya mlima vilevile ilichukua matamshi ya Kichina, ikasomwa san. Ndiyo maana mlima mkubwa kuliko yote wa nchi huitwa Fujisan, na neno yama nalo lingali likitumika peke yake. Alama moja kuwa na matamshi mawili au zaidi, moja la wenyeji na jingine la ng'ambo, ni jambo ambalo kila mtoto wa Kijapani hulisumbukia mpaka leo.

Diwani kubwa ya Man'yoshu, yenye mashairi yapata 4,500, iliandikwa katika karne hiyohiyo ya 8 kwa namna hiyo. Baada ya muda wasomi wenyewe wa Kijapani walishindwa kuyasoma mengi katika mashairi hayo, hata ikalazimu kuyafanyia uchunguzi.

Mwandiko wa Wanawake

Mwaka 794 mji mkuu ulihamishiwa Heian, ambao sasa ni Kyoto, na mwaka 894 serikali iliacha kupeleka wajumbe wake Uchina. Wakati huo ndipo Wajapani walipopata herufi zao, na walizipata kwa njia mbili. Watawa waliokuwa wakisoma vitabu vya Buddha walizoea kuandika matamshi pembeni mwa mistari, na kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo walichukua kipande tu cha kila alama. Hivyo ikapatikana katakana. Watu wa ikulu walioandikiana barua na mashairi waliziandika alama nzima kwa haraka, kalamu ikiteleza, mpaka zikalegea na kupoteza sura yake ya asili. Hivyo ikapatikana hiragana. Alama ya Kichina yenye maana ya amani, mathalan, ikawa herufi ya a na si zaidi.

Hiragana iliitwa mwandiko wa wanawake. Wanaume wa ikulu waliandika sheria, hati na shajara zao kwa Kichina, na elimu hiyo haikuwapasa wanawake. Kwa hiyo Ki no Tsurayuki, aliyekuwa mshairi mkubwa na liwali, alipotaka kuandika kwa lugha ya nyumbani habari za safari yake ya kurudi kutoka Tosa mwaka 935, alijifanya kuwa mwandishi wake ni mwanamke.

Lakini walioipandisha lugha daraja ni wanawake wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 11 Murasaki Shikibu alitunga Genji Monogatari, kisa kirefu cha maisha ya ikulu ambacho ni fahari ya fasihi ya Kijapani mpaka sasa. Katika shajara yake alisimulia kuwa alipokuwa mtoto alikaa karibu na ndugu yake wa kiume aliyekuwa akifundishwa Kichina, akayashika masomo upesi kuliko yeye, na baba yao akasikitika kuwa mtoto huyo hakuzaliwa mwanamume. Kichina cha wanaume wa zama zake hakisomwi leo ila na wataalamu wachache.

Wapiganaji na Wageni

Ikulu ilipodhoofika, mamlaka yalishikwa na wapiganaji. Minamoto no Yoritomo alipewa cheo cha shogun, yaani amiri mkuu, mwaka 1192, akatawala kutoka Kamakura. Na tangu hapo Mfalme Mkuu alibaki na heshima bila ya nguvu kwa muda wa miaka karibu 700. Wamongoli walishambulia mwaka 1274 na mwaka 1281, wasifaulu. Katika zama hizo alama za Kichina na kana zilichanganywa katika sentensi moja, maana ya neno ikichukuliwa na alama na viambishi vikiandikwa kwa kana. Mwandiko huo ulifaa kwa visa vya vita, kama vile Heike Monogatari, kilichoimbwa na vipofu wapigao ala ya nyuzi iitwayo biwa. Na ndio uliokuja kuwa msingi wa maandishi ya sasa.

Vita vilivyoanza mwaka 1467 viliivunja nchi vipande vipande. Wareno wa kwanza walifika katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 wakiwa na bunduki, na mwaka 1549 akafika padre Francis Xavier, ambaye miaka saba kabla ya hapo alikuwa amepita Malindi akielekea Goa. Njia yao ilikuwa moja na ile ya pwani ya Afrika ya Mashariki, na dalili zake zimebaki katika lugha. Neno la Kireno carta limekuwa karata kwa Waswahili na karuta kwa Wajapani, na maana yake pande zote mbili ni mchezo uleule.

Mapadre walileta mtambo wa kupiga chapa mwaka 1590. Walikichapa kisa cha Heike kwa herufi za Kirumi ili wageni wajifunze lugha, na mwaka 1603 wakaanza kutoa huko Nagasaki kamusi ya Kijapani na Kireno yenye maneno yapata 32,000. Faida yake kwa wanaisimu ni kubwa, kwani herufi za Kirumi zilishika matamshi ambayo kana haikuyaonyesha. Neno la ua, ambalo sasa ni hana, limeandikwa fana. Na hivyo yajulikana kuwa sauti ya h ya leo ilitamkwa kwa midomo miaka 400 iliyopita.

Nchi Iliyojifungia

Tokugawa Ieyasu aliishinda vita ya Sekigahara mwaka 1600, akawa shogun mwaka 1603, na ukoo wake ukatawala kutoka Edo mpaka mwaka 1867. Ukristo ulipigwa marufuku mwaka 1614. Wareno walifukuzwa mwaka 1639, na Waholanzi wakafungiwa katika kisiwa kidogo cha Dejima, mbele ya Nagasaki. Hata hivyo husemwa kwa kupita kiasi kuwa nchi ilifungwa kabisa. Wachina waliendelea kufanya biashara Nagasaki, na yalikuwapo mahusiano na Korea, Ryukyu na Waainu wa kaskazini.

Amani hiyo ndefu ilieneza kusoma. Vitabu vilichapwa kwa mbao za kuchonga, na kando ya alama ngumu zilitiwa kana ndogo, hata mfanyabiashara na fundi wakaweza kuvisoma. Na watoto wengi wa watu wa kawaida walifundishwa katika shule ndogo za mtaani. Wakati huohuo mtaalamu Motoori Norinaga alitumia zaidi ya miaka 30 kuifasiri Kojiki, kazi aliyoimaliza mwaka 1798, akitafuta matamshi ya Kijapani yaliyofichwa nyuma ya alama za Kichina.

Wengine walielekea Ulaya. Mwaka 1771 matabibu Sugita Genpaku na Maeno Ryotaku walitazama maiti ikipasuliwa mahali pa kuulia wahalifu huko Edo, nao mkononi walikuwa na kitabu cha Kiholanzi cha viungo vya mwili. Walipoona kuwa picha za kitabu zinalingana na mwili, na mafundisho ya Kichina hayalingani, waliazimia kukifasiri. Kamusi ya kuwafaa hawakuwa nayo. Sugita alisimulia uzeeni jinsi walivyokaa siku nzima ya masika mbele ya sentensi moja juu ya nyusi bila ya kuipata maana. Tafsiri ilitoka mwaka 1774, na kwa ajili yake ilibidi yaundwe maneno. Neno shinkei, walilolibuni kwa neva, ndilo litumikalo mpaka leo.

Lugha Moja kwa Taifa Moja

Manowari za Marekani zilitia nanga mwaka 1853 na kuilazimisha nchi ifungue bandari zake. Utawala wa mashogun ulianguka, na mwaka 1868 mamlaka yalirudishwa kwa jina la Mfalme Mkuu Meiji. Himaya za makabaila zilifutwa mwaka 1871, na mwaka 1872 ikatolewa amri ya elimu kwa watoto wote.

Hapo lilizuka swali: wafundishwe kwa lugha gani, na kwa herufi gani? Maandishi ya serikali yalikuwa ya kikale, mbali na usemi wa mtu yeyote, na mtu wa kaskazini hakusikilizana na mtu wa kusini. Maejima Hisoka alikuwa amekwisha kumshauri shogun mwaka 1866 aziache alama za Kichina. Mori Arinori, mjumbe wa Japani huko Washington, alikwenda mbali zaidi: mwaka 1872 na 1873 alitoa shauri la kutumia Kiingereza kilichorahisishwa, akidai kuwa Kijapani hakitoshi kwa elimu ya sasa. Baba Tatsui, kijana aliyekuwa akisoma Uingereza, alimjibu kwa kutunga sarufi ya Kijapani, aliyoichapisha London mwaka 1873. Alionyesha kuwa lugha hiyo ina utaratibu kamili. Na alionya kuwa elimu ikitolewa kwa lugha ya kigeni, matajiri wataipata na maskini watatengwa nayo. Hoja hiyo haijachakaa.

Uwezo wa lugha ulithibitishwa kwa vitendo. Wafasiri waliunda maneno mengi kwa kuunganisha alama za Kichina, kama vile shakai kwa jamii na tetsugaku kwa falsafa, na Wachina wenyewe wakayaazima; hivyo deni la zamani likalipwa pamoja na faida. Futabatei Shimei, aliyekuwa mjuzi wa Kirusi, alianza mwaka 1887 kutoa riwaya ya Ukigumo kwa lugha isemwayo, na waandishi wengine wakafuata. Ueda Kazutoshi, aliyerudi kutoka Ujerumani mwaka 1894, alihubiri kuwa lugha ni damu ya kiroho ya taifa. Tume ya lugha ya taifa ikaundwa mwaka 1902, na usemi wa watu wenye elimu wa Tokyo ukafanywa sanifu na kutiwa katika vitabu vya shule.

Gharama ya usanifu huo walilipa wengine. Ufalme wa Ryukyu uliondolewa mwaka 1879 ukafanywa jimbo la Okinawa, na katika shule zake mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Waafrika wengi waliosoma katika shule za kikoloni hawahitaji kuelezwa adhabu hiyo. Sheria ya mwaka 1899 iliwafanya Waainu wawe wakulima na watoto wao wafundishwe Kijapani. Katika Korea, iliyotwaliwa mwaka 1910, Kikorea kiliondolewa kuwa somo la lazima mwaka 1938, na mwaka 1940 watu wakashurutishwa kuchukua majina ya Kijapani.

Kushindwa na Kutengeneza

Vita vya Uchina tangu mwaka 1937, na vya Pasifiki tangu mwaka 1941, viliishia kwa mabomu ya atomu ya Hiroshima na Nagasaki. Tarehe 15 Agosti 1945 sauti ya Mfalme Mkuu ilisikika redioni kwa mara ya kwanza, akitangaza kukubali masharti ya adui. Alisoma kwa lugha ya kikale ya ikulu, na wasikilizaji wengi hawakufahamu mpaka walipoelezwa kuwa nchi imeshindwa. Umbali ulioachwa kati ya dola na raia katika lugha haukupata kuonekana wazi kuliko siku hiyo.

Katiba iliyotangazwa mwaka 1946 iliandikwa kwa lugha ya kawaida na kwa hiragana. Mwaka huohuo alama za matumizi ya kila siku zilipunguzwa kuwa 1,850, na tahajia ya kana ikafuatishwa na matamshi. Wajumbe wa elimu wa Marekani walishauri zitumike herufi za Kirumi. Mwaka 1948 ukafanywa mtihani wa kusoma na kuandika kwa watu wapata 17,000 wa nchi nzima, na walioonekana hawajui kabisa walikuwa karibu 2 kwa kila 100. Hoja ya kwamba alama zawazuia watu kusoma ilipungua nguvu, na alama zikabaki.

Nchi ilisimama tena kwa viwanda, na mwaka 1964 Tokyo ilikaribisha michezo ya Olimpiki. Mashine ziliwahi kudhaniwa kuwa zitaziua alama, kwa kuwa taipureta haikuweza kuzichukua kwa wepesi. Lakini tangu mwaka 1978, ilipotokea mashine ya kugeuza kana kuwa kanji, maandishi magumu yakawa mepesi kuandikwa. Orodha ya serikali iliongezwa ikawa alama 1,945 mwaka 1981, na 2,136 mwaka 2010.

Alama hizo, basi, zimeokoka. Lugha ndogo hazikupata bahati hiyo. Waainu walitambuliwa kuwa wenyeji wa asili kwa sheria ya mwaka 2019 tu, na lugha yao imebaki na wasemaji wachache mno. Chiri Yukie, binti wa Kiainu aliyefariki mwaka 1922 akiwa na umri wa miaka 19, aliacha mkusanyo wa nyimbo za miungu alizozirithi kwa wazee wake, uliopigwa chapa mwaka uliofuata. Upande mmoja wa kitabu aliandika Kijapani. Upande wa pili, kwa maneno ya watu wake ambayo hayakuwa na maandishi, aliazima herufi za Kirumi, kama vile waandishi wa Yamato walivyoazima za Kichina. Wanaojifunza Kiainu sasa hurejea katika kitabu hicho.